Ripoti yangu imerudishwa, wanasema haieleweki. Naomba msaada wa aya na vitenzi

Karani wa Zamu (mleta uzi)
Wakuu, habari zenu. Kazini nimepewa jukumu la kuandika ripoti ya maji kumwagika stoo. Imerudishwa na maandishi pembeni: "Haieleweki. Andika upya." Inatakiwa kesho kutwa asubuhi na sijui nianzie wapi. Naomba mnisaidie kupanga aya na kutumia vitenzi vizuri. Aya yenyewe ndiyo hii:

"Kufuatia tukio lililotokea la uvujaji wa maji ambalo lilipelekea uharibifu wa nyaraka ambazo zilikuwa zimehifadhiwa katika stoo ambayo ipo chini ya tangi, ufuatiliaji wa haraka ulifanyika na hatua stahiki zilichukuliwa, ambapo ilibainika kuwa koki ilifunguka na hivyo maji yakawa yanatoka kwa muda mrefu, na uhamishaji wa nyaraka ulifanywa, aidha inapendekezwa kuwa uboreshaji wa mfumo wa utunzaji wa nyaraka ufanyike ili kuweza kuepusha hali kama hii isitokee tena."

Bi Nukta
Karibu ndugu. Hiyo ni sentensi moja ya maneno 67, lakini usianze kwa kuikatakata. Anza na vitenzi. Karibu kila kitendo umekigeuza jina: uvujaji, uharibifu, ufuatiliaji, uhamishaji, uboreshaji, utunzaji. Kitendo kikishakuwa jina hakisimami peke yake, kinataka kitenzi kingine kikibebe. Ndiyo maana umelazimika kuweka "ulifanyika", "ulifanywa", "ufanyike", vitenzi visivyosema lolote.

Chukua kalamu, pigia mstari kila jina la namna hiyo, lirudishe kwenye kitenzi chake, kisha uliza: nani alifanya? "Uhamishaji wa nyaraka ulifanywa" inakuwa "Tulihamisha nyaraka". Maneno manne yamebaki mawili, na msomaji sasa anajua nani alihamisha. Ukimaliza kazi hiyo sentensi itakatika yenyewe, maana kila kitenzi kitadai mtenda wake.

Mzee Herufi
Mimi naanza na "lilipelekea". Kupelekea ni kumpelekea mtu kitu. Hapo ulitaka "kusababisha". Na "kuepusha hali kama hii isitokee" ni kukanusha mara mbili: kuepusha tayari ni kuzuia. Andika "ili hali hii isitokee tena", na "kuweza" uitoe, haina kazi. Vijana wa siku hizi mnaandika kwa kusikia redioni, hamfungui kamusi.

Fundi Aya
Mzee Herufi yuko sahihi, ila hayo ni ya kusafisha mwishoni. Kwanza mpangilio. Ndani ya sentensi hiyo kuna mambo matatu: nini kilitokea, mlifanya nini, mnapendekeza nini. Hizo ni aya tatu. Na angalia mfuatano wako: umesema hatua zilichukuliwa kabla hujasema koki ilikuwaje, halafu umerudi tena kwenye kuhamisha nyaraka. Msomaji anapewa dawa, kisha ugonjwa, kisha dawa tena.

Sentensi ya kwanza ya kila aya ijibu swali moja la msomaji, zinazofuata zilete ushahidi wa jibu hilo tu. Jambo likidai swali jipya, linahamia aya nyingine. Ukimaliza, soma sentensi za kwanza peke yake, moja baada ya nyingine. Zikisimulia tukio lote, aya zimekaa. Zisipolisimulia, kuna aya imebeba mambo mawili.

Tena punguza "amba-". Nyaraka "zilizohifadhiwa stoo" inatosha. Amba- ibaki pale ambapo kirejeshi cha ndani ya kitenzi (kama -zo- ya "zilizohifadhiwa") hakikai.

Mlezi wa Nyaraka
Samahani kwa kutoka nje ya mada kidogo. Hizo nyaraka mmezikausha? Karatasi zilizolowa zisipite saa 48, ukungu huanza mapema, hasa kwenye joto. Zitandazeni ndani, feni ipite juu yake bila kuzipuliza moja kwa moja, msizianike juani. Zilizogandana msizibandue kwa nguvu. Zikiwa nyingi kuliko mnavyoweza kukausha, zigandisheni kwenye friza mpaka mpate nafasi.

Karani wa Zamu
Asanteni sana wakuu. Nyaraka zimetandazwa, feni ipo. Majina nimeyapigia mstari. Ila vitenzi vya "ilifanyika" naona nivibakize baadhi, ripoti za ofisini ndivyo zinavyoandikwa. Na sehemu ya koki ningependa ibaki ilivyo.

Bi Nukta
Kwa nini hiyo ndiyo ibaki? Hiyo ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Koki ilifunguka yenyewe?

Karani wa Zamu
Ndiyo neno tulilokubaliana kutumia.

Bi Nukta
Mlikubaliana na nani? Tazama maumbo matatu ya kitenzi kimoja. "Alifungua koki": yupo mtu, unamtaja. "Koki ilifunguliwa": yupo mtu, humtaji. "Koki ilifunguka": hakuna mtu, koki ni mbovu. Hilo la tatu si njia ya upole ya kusema la pili. Ni taarifa nyingine kabisa. Anayesoma "ilifunguka" ataagiza koki mpya, iwekwe, na maji yatamwagika tena mwezi ujao. Sema ukweli: nani aliifungua?

Karani wa Zamu
Sawa. Msimamizi wa zamu. Daftari la zamu linaonyesha aliifungua saa 2:00 usiku, na hakuna palipoandikwa kwamba ilifungwa. Mlinzi aliikuta wazi saa 12:00 asubuhi, akaifunga, akaniita. Tatizo ni kwamba ripoti lazima isainiwe na msimamizi huyohuyo, na yeye ndiye aliyeniambia niandike "ilifunguka". Nakala nimeshaichapa. Nilichokuwa naomba ni kuipanga vizuri tu, si kubadilisha habari.

Mja Mwema
Ndugu yangu, ukweli haupangwi. Andika kilichotokea ulale usingizi.

Kijiti
Wadau, nahisi hii ni chai, habari ya kutunga. Sababu ya kwanza: msimamizi anataka jambo lifichike, halafu anarudisha ripoti kwa kuwa haieleweki? Anayeficha hufurahi isipoeleweka. Ya pili: hiyo aya ina kila kosa la darasani kwa wakati mmoja, kama zoezi lililotungwa na mwalimu. Ya tatu, someni anavyotuandikia sisi: "aliifungua", "aliikuta wazi, akaifunga, akaniita". Vitenzi safi, mfuatano safi. Mtu anayeandika hivi hawezi kuwa ndiye aliyeandika ile aya.

Karani wa Zamu
Si chai mkuu. Aliyerudisha ni ofisi ya juu, si msimamizi. Msimamizi anasaini, ofisi ya juu inasoma na kuamua. Ni watu wawili tofauti. Nilipaswa kulitaja mapema.

Kijiti
La kwanza nimelielewa. La tatu bado.

Fundi Aya
La tatu mimi naliona kuwa ushahidi wa kinyume chake. Mtu akiogopa kumtaja mtenda, vitenzi vinageuka majina, maana jina halidai mtenda. Hapa hamwogopi mtu, kwa hiyo -ka- zake zinakwenda zenyewe. Karani, ripoti yako ulishaiandika kwenye jibu lako la tatu. Inakili hiyo. Ungetuambia mapema ofisi ya juu inaamua nini, tungefika hapa zamani.

Kuhusu nyakati: -li- kwa tendo la kwanza, -ka- kwa yanayofuata. -me- kwa hali iliyopo bado unapoandika: "mafaili yamelowa" ni kwamba hadi sasa yako hivyo. Kwa utaratibu wa kila siku tumia hu-: "koki hufungwa kabla ya zamu kuisha". Na pendekezo limpe mtu kazi: si "inapendekezwa uboreshaji ufanyike" bali "msimamizi wa zamu afunge koki na asaini daftari". Pendekezo lisilo na mtenda halitekelezwi na mtu.

Karani wa Zamu
Nimejaribu aya ya kwanza:

"Maji ya tangi yaliingia stoo usiku, yakafika kwenye mafaili, yakakaa hadi asubuhi, yakaharibika. Daftari la zamu linaonyesha kwamba koki ilifunguliwa na msimamizi wa zamu saa 2:00 usiku na mlinzi aliikuta wazi saa 12:00 asubuhi."

Bi Nukta
Hapo sasa kuna ripoti. Marekebisho mawili. Maji na mafaili yote hupatanishwa kwa ya-, kwa hiyo "yakakaa, yakaharibika" hayasemi nini kilikaa na nini kiliharibika. Andika "nyaraka zikaharibika", upatanisho utamwongoza msomaji bila wewe kuongeza neno. Pili, baada ya kitenzi cha kutendwa, "na" ya mtenda na "na" ya kuunga zimefuatana. Jicho linasoma "ilifunguliwa na msimamizi… na mlinzi", kana kwamba waliifungua wote wawili. Igeuze: "msimamizi wa zamu alifungua koki saa 2:00 usiku, halionyeshi kwamba ilifungwa. Mlinzi aliikuta wazi…"

Na angalia kitenzi "linaonyesha". Humshtaki mtu. Daftari ndilo linalosema, na kila anayetaka anaweza kulifungua akasoma.

Karani wa Zamu
Nimerekebisha, asante dada. Nimempelekea msimamizi aone kwanza. Amesema hasaini. Anasema aliifunga akasahau kuandika. Nafikiri nirudishe "ilifunguka" yaishe.

Mzee Herufi
Usirudishe. Akisema aliifunga, mwenyewe amekiri kwamba aliifungua, kwa hiyo hiyo "ilifunguka" sasa hata yeye haiungi mkono.

Fundi Aya
Maelezo yake yape sentensi yake, baada ya ya daftari na kabla ya ya mlinzi: "Msimamizi wa zamu anaeleza kwamba aliifunga koki lakini hakuandika kwenye daftari." Tendo lake limo, neno lake limo, na ofisi ya juu itaona pengo lenyewe lilipo: kati ya saa 2:00 na saa 12:00. Msimamizi akiiona hivyo ana sababu ya kusaini. Ila tumia "anaeleza", usitumie "anadai". "Anadai" inamwambia msomaji asimwamini, na wewe hukuwepo.