.223: matundu yanatawanyika, na ganda lina duara linalong'aa karibu na kitako

NyikaWyoming

Habari zenu wakuu. Bunduki ni ya bolti, .223 Remington, mtutu wa inchi 24, msokoto wa mifereji ya ndani ya mtutu ni mzunguko 1 kwa inchi 12. Kazi yake ni kupunguza preridogi, wale wanyama wachimba mashimo wanaoharibu malisho ya ng'ombe huku Wyoming. Risasi najaza mwenyewe, na nina shida mbili.

Kwanza, kwa vichwa (ile sehemu ya risasi inayoruka) vya uzito wa greini 69, greini moja ikiwa kama gramu 0.065, kundi la risasi 5 kwa yadi 100 linafika inchi 4, na baadhi ya matundu kwenye karatasi yana umbo la yai. Pili, maganda yakifika mjazo wa nne yanaonyesha duara jembamba linalong'aa, kama milimita 8 juu ya kitako. Kalibu ya kurudisha umbo nimeifunga kama karatasi yake inavyosema: iguse kishikio cha ganda, kisha ongeza robo mzunguko. Maganda haya bado yanafaa? Na nianzie wapi?

FundiMitutu

Ndugu, anza na maganda, vichwa vitasubiri. Yote yenye duara hilo yabonyeze kwa koleo na uyatupe kwenye chuma chakavu leo hii. Hapo ukuta wa shaba umeshakuwa mwembamba, na mjazo mmoja au miwili mbele ganda litakatika vipande viwili ndani ya chemba. Likikatika, gesi yenye shinikizo la maelfu ya pauni kwa inchi ya mraba inarudi nyuma kupitia bolti kuelekea uso wako.

Chanzo ni ile robo mzunguko. Inasukuma bega la ganda (pale linapoanza kupungua kuelekea shingo) nyuma kupita kiasi. Ukifyatua, pini inalisukuma ganda mbele, kuta zinavimba na kushika chemba, halafu kitako kinarudi nyuma mpaka kiegemee bolti. Nafasi ile inajazwa na shaba inayovutika, na inavutika pale pale juu ya kitako. Ukirudia mara nne, unapata duara lako.

Kwa bunduki ya bolti, bega lirudi nyuma inchi 0.001 hadi 0.002 tu. Funga kwenye kalipa kipimo cha bega, yaani kifaa cha kupima kutoka kitako hadi bega, pima ganda lililofyatuliwa kabla hujaligusa (lililofyatuliwa mara mbili au tatu linatoa kipimo cha kweli zaidi), andika namba. Kisha fungua kalibu ipande juu, ibaki nafasi kati yake na kishikio, iteremshe kidogo kidogo ukipima kila mara, mpaka tofauti ifike 0.002. Kaza nati hapo.

Maganda yasiyo na duara yachunguze kwa ndani. Chukua waya mgumu, kunja ncha yake ifanye ndoana fupi na uinoe, uteremshe hadi kitako, kisha uvute juu ukikwaruza ukuta. Ncha ikitumbukia kwenye mfereji, ganda hilo limekwisha hata kama nje halionyeshi kitu.

KalipaMkononi

Nakubaliana na Fundi kwa yote. Kuhusu vichwa: tundu lenye umbo la yai maana yake kichwa kinafika kikiwa kimeinama. Msokoto wa 1 kwa 12 hauzungushi kichwa cha greini 69 kwa kasi ya kukituliza, na hakuna kiasi cha baruti kitakachorekebisha hilo. Kinachohitaji msokoto mkali ni urefu wa kichwa, na cha greini 69 ni kirefu. Mtutu wako ni wa vichwa vya greini 40 hadi 55. Kwa preridogi chukua cha greini 50 au 53 chenye kitako bapa. Mwenye 1 kwa 9 ndiye atumie 69.

Ukibadilisha kichwa, usichukue kiasi cha baruti cha kile cha zamani. Fungua kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa, tafuta kichwa hicho hicho na baruti hiyo hiyo, anzia kiasi cha kuanzia kilichoandikwa. Pasipoandikwa, punguza asilimia 10 kutoka kiwango cha juu. Panda kwa greini 0.3. Bolti ikiwa nzito kufunguka, au kitako kikiwa na alama inayong'aa ya kitoleo cha ganda, simama na urudi chini. Fataki (kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti) iliyobonyea kuwa bapa peke yake si ushahidi wa kuaminika, kwa sababu fataki laini hubonyea hata shinikizo likiwa la kawaida. Ukiwa na kipima kasi ndiyo bora: kasi ikizidi ile ya kitabu kwa mtutu wenye urefu ule ule, shinikizo nalo limezidi, hata kama ganda linaonekana zuri.

Halafu urefu wa ganda. Shaba hutiririka kuelekea shingoni kila unapojaza. Kikomo ni inchi 1.760, kata hadi 1.750. Ganda refu mno huingiza mdomo wake kwenye mwanzo wa mifereji ya mtutu, linamnyima kichwa nafasi ya kuachia, na shinikizo linapanda ghafla. Ukishakata, ondoa ukali wa mdomo ndani na nje, la sivyo unakwaruza kichwa unapokipachika.

BibiWaMizani

Nyongeza kuhusu baruti, mjukuu, maana hapo ndipo watu huumia.

Mezani iwepo chupa moja tu ya baruti. Ukimaliza, iliyobaki kwenye kipimio irudi kwenye chupa yake kabla hujainuka, kwa sababu kesho hutaijua, na baruti ya bastola inafanana kwa macho na ya bunduki. Mizani ya umeme iache iwake nusu saa, iwe mbali na feni na kiyoyozi, na uihakikishe kwa mawe ya kupimia kila baada ya maganda 20 hivi. Sifuri ikihama, pima upya yote ya tangu uhakiki wa mwisho.

Maganda yaliyojazwa yakae kwenye trei, yale matupu yapinduliwe mdomo chini. Kabla ya kupachika kichwa hata kimoja, mulika tochi trei nzima. Usawa wa baruti uwe mmoja. Lililo juu au chini kuliko wenzake mwaga na upime tena.

Fataki ikae chini ya uso wa kitako kwa inchi 0.003 hadi 0.005, pitisha kidole kila moja. Iliyochomoza ni hatari bolti inapofungwa, na mara nyingi haiwaki, kwani pigo la pini linaishia kuisukuma ndani. Maganda ya kijeshi yana fataki iliyobanwa pembeni, hivyo panua kwanza mfuko wa fataki, yaani tundu inamokaa. Zaidi ya hayo nafasi yake ya ndani inaweza kutofautiana, kwa hiyo usiyachanganye na ya kiraia kwenye kundi moja. Vaa miwani. Fataki zibaki kwenye pakiti yake, usizimimine kwenye chupa ya glasi kamwe.

NyikaWyoming

Shukrani, Bibi na wakuu. Nimebonyeza 31. Je, kina cha kupachika kichwa kinaathiri kundi kuliko baruti?

FundiMitutu

Kinaathiri, lakini kije baada ya baruti. Anza na urefu wa jumla wa kitabu, usiozidi inchi 2.260, ambao pia unaingia kwenye magazini. Ukishapata kiasi cha baruti kinachotoa kundi zuri, sogeza kichwa kwa inchi 0.010 kila hatua. Kinachogusa mifereji hupandisha shinikizo, hivyo ukikaribia, shusha baruti kwanza.

Ukisikia mlio dhaifu, usiweke risasi nyingine. Elekeza mtutu sehemu salama, subiri sekunde 30, toa bolti, tazama ndani ya mtutu kutokea nyuma. Kichwa kilichokwama ndani kikifuatwa na kingine, mtutu unapasuka. Na lebo kwenye kila boksi: kichwa, baruti na greini, ganda na mjazo wa ngapi, fataki, urefu, tarehe.