Naripoti Mlimani mwaka wa kwanza na 280,000 mkononi, bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo) bado: nianze na lipi?

Mgeni_Changanyikeni:
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi.

Nimechaguliwa UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani), ualimu wa masomo ya sanaa. Mkopo wa Bodi ya Mikopo nimepata: chakula na malazi, vitabu, na sehemu ya ada. Ada iliyobaki mzazi ameshalipa. Kitanda cha hosteli nimekosa, kwa hiyo tumechukua geto (chumba cha kupanga) Changanyikeni na mwenzangu, kodi tumelipa hadi Januari. Mkononi nina 280,000. Hiyo ndiyo ya usajili, ya kula na ya kutolea kopi mpaka bumu la kwanza liingie.

Naomba mnielekeze: nianze na hatua ipi ili bumu lisikwame, nipange pesa ya siku ngapi, na je, nipike au nile kafe ya chuo?

Kaka_wa_Yombo:
Mdogo wangu, marahaba na hongera.

Bumu la mwaka wa kwanza mara nyingi linakwama kwa sababu mwanafunzi hajamaliza usajili na mwenyewe anadhani amemaliza. Bodi inalipa kwa kufuata orodha ya waliosajiliwa inayotoka chuoni. Jina lisipokuwemo, wenzako wanasaini kupokea pesa, wewe unaambiwa usubiri.

Anza na ARIS, mfumo wa chuo wa usajili mtandaoni. Ingia, toa kumbukumbu namba ya malipo kwa kila mchango uliopangiwa. Namba hiyo ina tarakimu 12 na inaanza na 99. Hesabu tarakimu kabla ya kulipa kwa simu, na soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Bima ya afya ya NHIF ya mwanafunzi ni 50,400 kwa mwaka. Kama uko kwenye bima ya mzazi na kadi iko hai, peleka kadi na kopi yake, usilipe mara mbili. Kuna na 20,000 ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu). Kila mchango una namba yake. Usichanganye pesa ya michango miwili kwenye namba moja, kwa kuwa mmoja utaendelea kuonekana haujalipwa.

Halafu uhakiki wa vyeti. Beba vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa, barua ya udahili, fomu ya uchunguzi wa afya iliyogongwa muhuri wa hospitali, na picha ndogo za pasipoti. Kopi toa seti 4 huko huko nyumbani. Wiki ya kwanza stesheneri za chuoni zina foleni ndefu, na ndipo watu wanapoacha cheti halisi kwenye mashine ya kopi. Kabla hujaondoka, inua mfuniko uangalie.

Baada ya uhakiki rudi ARIS ukasajili kozi zenyewe. Hatua hii ndiyo inayosahaulika. Ukiwa na namba ya usajili lakini hujachagua kozi, jina halitokei kwenye orodha ya mwalimu, na alama za majaribio zitakosa pa kuingia.

Mwisho, nenda kwa afisa mikopo ukaangalie vitu viwili tu: namba yako ya mtihani wa kidato cha nne na akaunti ya benki. Bodi inakutambua kwa namba ile ya mfumo wa S0000.0000.0000, yaani kituo, mtahiniwa, mwaka. Waliorudia mtihani wana namba mbili. Inayotakiwa ni ile uliyoombea mkopo.

Mama_Sufuria:
Nijibu la chakula, maana hapo ndipo pesa inapoishia.

280,000 toa 70,400 za bima na TCU, toa 20,000 za kopi na michango midogo. Unabaki na 189,600. Usigawe kwa siku 30, gawa kwa 45, kwa sababu uhakiki na kusaini huchukua muda hata mambo yakienda sawa. Unapata 4,200 na kidogo kwa siku. Kwa hesabu hiyo, kula kafe mchana na jioni kila siku hakuwezekani. Mchana kula kwa mama ntilie, 2,000. Asubuhi chai na chapati au mihogo, 700. Jioni mpike.

Kwa watu wawili mwezi mzima, mkipika jioni zote pamoja na mchana wa Jumamosi na Jumapili, mnahitaji mchele kilo 6, sembe kilo 8, maharage kilo 4, mafuta lita 2, dagaa, sukari, na mboga za majani za kununua siku hiyo hiyo. Kipimo ni gramu 150 za mchele mkavu kwa mtu mmoja, au gramu 200 za unga. Nafaka nunueni soko la Tandale, si duka la jirani la kupimiwa robo. Mkitenga 80,000 kwa wawili mtakuwa sawa, gesi haimo.

Maharage ndiyo yanayomaliza gesi. Loweka kilo nzima usiku, asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, chemsha mara moja tu. Usiweke kitunguu, nyanya wala nazi kwenye sufuria kubwa. Joto la Dar linachachusha maharage yaliyoungwa kabla ya jua kuzama. Yaliyochemshwa na chumvi peke yake yanafika siku ya pili, mradi uyachemshe tena asubuhi na jioni mpaka yatokote, kisha uyaache bila kuingiza kijiko. Unapotaka kula, chota ya mlo huo tu, uyaunge pembeni. Ukiona povu jembamba juu na harufu kama ya togwa, mwaga, usijaribu kuyaokoa.

Mtungi wa kilo 6 kwa mpangilio huu unafika mwezi. Usipoloweka, hesabu wiki tatu.

Fundi_LUKU:
Naongezea dogo. Kabla hujabeba jiko la koili, muulize mwenye nyumba kama LUKU (umeme wa kulipia kabla) mnachangia. Koili ya wati 2,000 ikiwaka saa 2 inakula uniti 4. Kwa bei ya karibu 350 kwa uniti, hiyo ni 1,400 kwa siku, na wapangaji wenzako wanaiona kwenye mita. Ugomvi wa mageto unaanzia hapo. Pia nyaya za vyumba vingi vya kupanga ni nyembamba. Soketi ikipata moto ukiigusa, chomoa.

Ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko na neti, vitu hivyo nunua mapema. Godoro, meza na feni subiri, wanaohama huuza.

Mgeni_Changanyikeni:
Asanteni sana, nimeandika yote. Kaka wa Yombo, akaunti yangu ya benki ina majina mawili, cheti cha kidato cha nne kina matatu. Kuna shida?

Kaka_wa_Yombo:
Irekebishe kabla ya kusaini. Nenda tawi la benki na kitambulisho cha NIDA na cheti, uombe majina yaandikwe yote matatu kwa mpangilio ule ule wa cheti. Kama NIDA nayo inatofautiana na cheti, kamuone afisa mikopo kwanza ndipo ufike kwa wakili kwa kiapo cha majina, usije ukalipia kiapo ambacho hakikuhitajika. Na kama akaunti haijatumika muda mrefu, weka hata 5,000 ifufuke. Akaunti iliyolala inarudisha pesa. Siku ya kusaini nenda mwenyewe na mikono safi: zinasomwa alama za vidole, na kidole chenye wino au mafuta mashine inakikataa.

Dada_Maktaba:
Mdogo wangu, la masomo hukuliuliza lakini lina hesabu yake. Krediti moja ni saa 10 za kazi. Muhula wa krediti 60 ni saa 600. Kwa wiki 15 ni saa 40 kila wiki, vipindi vikiwemo. Ratiba ikikuonyesha vipindi vya saa 18, saa 22 zilizobaki ni za kusoma mwenyewe, hazikuwekwa uzurure. Kozi nyingi zina alama 40 za majaribio na kazi za semina, 60 za mtihani wa mwisho. Zile 40 zinaanza kuhesabiwa mapema, wakati wengi bado wanafuatilia bumu. Kozi ya pamoja kama ya DS (masomo ya maendeleo) ina umati mkubwa, kwa hiyo jiandikishe kwenye kundi la semina siku orodha inapobandikwa. Ukichelewa utapewa lililobaki, na huenda likagongana na kipindi chako cha ualimu.