Mjadala: Eti vibanda vya Mwanjelwa ndo vinaharibu vijana?

Wakuu habari za mida. Kuna hoja inazunguka sana hapa Mbeya, hadi kwenye daladala naisikia, kwamba saluni za uchochoroni, wauza mitumba wa soko la Mwanjelwa na vibanda umiza vya kuonyesha video ndo vinaingiza mambo ya ajabu kwa watoto wetu, kwa hiyo vifungwe au vipelekwe mbali na makazi. Mi napinga, na napinga kwa nguvu zote.

Tuanze na mavazi. Mwaka 1968 TANU Youth League, yaani vijana wa chama tawala cha enzi hizo, walitangaza Operesheni Vijana, kwamba kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi na suruali za kubana marufuku. Chama, wazee, viongozi, wengi upande mmoja. Haya, leo nenda Mwanjelwa asubuhi belo linapofunguliwa. Jamaa anakata kamba, nguo zinamwagika kwenye turubai, yeye mwenyewe hakujua ndani kuna nini, humo kuna makoti ya baridi, kuna jinzi za kike, kuna sketi fupi, na kwa kuwa kalipia mzigo wote basi lazima vyote vitoke, hana muda wa kuuliza hii inamfaa mke wa mtu au haimfai. Anapiga kelele tu buku mbili buku mbili chagua. Dada ananunua jinzi, siku za kwanza anafungia kitenge juu, baadaye kitenge kinabaki nyumbani. Hakuna aliyehubiri hapo.

Saluni nayo ndo usiseme. Unasukwa masaa manne, kichwa kimeshikwa, huwezi kuondoka, na pembeni yako yupo wa Kyela, wa Chunya, wa Tunduma, kila mtu na yake. Hapo ndo binti anasikia habari za kijiti na sindano za uzazi wa mpango, anasikia kwamba kupigwa na mume siyo lazima uvumilie, anasikia kuna mwenzake ana akaunti yake ya pesa. Kwa mila za Kinyakyusa mkamwana na baba mkwe wanakwepana hadi njiani, sasa kwenye nyumba ya namna hiyo maongezi haya yataanzia wapi?

Halafu duka kubwa lina jina la kulinda, na mwenye fremu huenda ni mzee wa kanisa. Mwenye kibanda akijaribu kitu kipya kikakataliwa anakula hasara ndogo tu, kesho anauza kingine. Ndo maana vitu vipya vinapitia kwake kwanza.

Najua mtaniambia krimu za kujichubua na mashine za kamari nazo zimepitia mlango huohuo. Kweli kabisa, na sivitetei hata kidogo, krimu yenye zebaki inaua figo. Ila hiyo ni sumu, apelekewe mkaguzi muuzaji husika, msiichanganye na msusi wa kiume au binti aliyevaa suruali. Kufukuza wote tulishajaribu, ile sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ilikuwa inawakamata watu mjini na kuwarudisha vijijini, na wachuuzi si hawa hapa bado wapo?

Sasa nyie mnaotaka vifungwe naomba mnijibu hili. Binti wa miaka 19 kaolewa hapo Ilemi, anakaa ukweni, anataka kuuliza habari za sindano, akaulizie wapi? Na msinijibu zahanati tu mkaishia hapo, maana nesi wa pale anaweza akawa wifi yake.