Gredi ya 3 anakwama kutoa kwa kukopa, nitumie pesa?

mzazi_donholm: Habari zenu. Kujumlisha kijana anajua, ila kutoa kukiwa na sufuri ni balaa. 500 toa 365 anaandika 265. Nataka tutumie pesa za dukani badala ya kumrundikia mazoezi ya daftari. Nianzie wapi?

mwalimu_kayole: Hilo 265 linasema yote. Katika kila safu anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, iwe juu au chini. 0 na 6 kwake ni 6. Hajaona bado kwamba mia huvunjwa.

Basi mpe avunje. Tafuta noti 5 za mia na sarafu 10 za shilingi kumi. Bob moja moja ni taabu kukusanya, tumia punje 10 za mahindi. Chora safu tatu: mamia, makumi, mamoja. Noti zote ziwe kwenye mamia, kisha mwambie alipe 365. Atakwama kwenye mamoja, ahamie makumi, nako hakuna kitu. Hapo wewe ndiwe duka: alete noti 1 umpe sarafu 10, alete sarafu 1 umpe punje 10. Sasa ana 4, 9 na 10. Hiyo 9 ndiyo huwaponyoka wengi, huacha 10 palepale. Akishalipa zinabaki 1, 3 na 5.

Sarafu za 5, 20 na 40 weka kando kabisa. Ya 20 ikiingia kwenye makumi ataihesabu kama moja.

dukani_tu: Wenye duka wakitafuta chenji hawakopi, wanapanda kutoka bei hadi pesa uliyotoa. 365 na 5 ni 370, na 30 ni 400, na mia ni 500. Kila anachoongeza akiweke mezani, la sivyo atafika 500 akiwa amesahau chenji yenyewe. Pale mezani kuna 135.

mwalimu_kayole: Kweli, ila kupanda hakumfundishi kukopa. Kutumie kukagua jibu.

mzazi_donholm: Asanteni. Na pesa niziondoe lini?

mwalimu_kayole: Tangu siku ya kwanza aandike kila anapobadilisha: noti ikivunjwa, akate 5 aandike 4. Akianza kuandika kabla ya kugusa pesa, ziondoe. Kisha mpime kwa 402 toa 178. Jibu ni 224. Akileta 376, rudisha noti mezani.