Vuli ya kitabuni na vuli ya Wete

Mwalimu wa Wete: Assalamu alaykum. Nasomesha darasa la pili huku Wete, Pemba. Kitabu kina picha ya watoto wamevaa makoti, wanaokota majani mekundu, chini imeandikwa "vuli". Mtoto mmoja kaniuliza, "Mwalimu, mvua iko wapi?" Nikakwama. Nifanyeje?

Bi Mkubwa wa Chake: Waalaykumu ssalaam. Mtoto kasema kweli! Vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Disemba, karafuu ziko jamvini na roho ziko juu. Hiyo ya picha ni mapukutiko ya Ulaya, majira ya majani kuanguka. Wapeleke chini ya mti wa mkungu, mwanangu. Jani lake hugeuka jekundu kabla ya kuanguka. Waokote, wayapange kutoka la kijani hadi jekundu, wayahesabu. Wangu mie waliyapaka rangi wakayapiga chapa daftarini. Mmoja alirudi na kungu, tunda lake, mdomoni.

Mstaafu Unguja: Waelezwe na sababu. Kule siku hufupika, jani huacha kutengeneza ukijani, na umanjano uliojificha ndani ukaonekana. Kwetu urefu wa mchana haubadiliki sana.

Mwalimu wa Wete: Ahsanteni. Mkungu upo nyuma ya skuli, ila mbuzi wa jirani hutuwahi.