Mtulinga umevunjika: kombeo, vyuma au mganga wa mifupa?

Kaka_Ipagala
Mbukwenyi wanajukwaa. Naomba ushauri, na jambo lenyewe halitaki kusubiri sana.

Mdogo wangu ana miaka 24, ni bodaboda. Juzi jioni alikuwa anatoka Nanenane kuja Ipagala, akateleza kwenye mchanga akaangukia upande wa kushoto. Tulimpeleka hospitali, picha ikaonyesha mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, umevunjika katikati. Ngozi haijachanika, ila pana kinundu kinachoonekana hata akiwa na fulana. Wamemning'inizia mkono kwa kombeo la kitambaa, wakampa dawa za maumivu na kumwambia arudi baada ya wiki moja.

Nyumbani sasa kila mtu na lake. Mama anasema kitambaa si matibabu, twende kwa mzee mmoja huko Bahi anayeunga mifupa, maana alimtibu mjomba mtulinga huohuo na mpaka leo mjomba analima. Shemeji anasema tuchange hela afungwe vyuma, mfupa ukae sawa moja kwa moja. Mimi naona tufuate la hospitali, lakini nikikiangalia kile kinundu moyo unasita. Waliopitia haya, mlifanyaje?

Mvunaji_Makutupora
Pole sana mkuu, mpe pole na mgonjwa. Mimi nilitibiwa kwa kombeo tu. Nilianguka kutoka kwenye tela wakati wa mavuno ya zabibu, mtulinga wa kulia ukavunjika. Wiki mbili za mwanzo nililala nimeegemea mito, nusu kukaa, kwa sababu nikijilaza chali nilisikia ncha za mfupa zikisuguana. Wiki ya sita nikaanza kuinua mkono. Mkasi wa kupogolea niliushika vizuri mwezi wa tatu tangu nianguke, si kabla ya hapo. Kinundu bado kipo, na begi la mgongoni hukikwaruza, lakini nguvu imerudi yote.

Tabibu_Mpunguzi
Mimi ni tabibu, nieleze ninavyoyaona kazini.

Mtulinga una umbo kama herufi S, na katikati ndipo penye wembamba, kwa hiyo wengi huvunjikia hapohapo. Habari njema ni kwamba mfupa huu huunga kwa urahisi, wala hauhitaji kunyooka kama rula ili mkono ufanye kazi. Kinundu unachokiona sasa ni ncha ya mfupa iliyopanda juu. Baadaye mfupa mpya utajijenga kuizunguka, kisha kinundu kitapungua, ingawa mara nyingi hakiishi kabisa. Kisikutishe.

Vyuma vina mahali pake. Kama ngozi imetobolewa, au imevutwa na ncha mpaka imekuwa nyeupe, au mkono umekufa ganzi au kupoa, hapo upasuaji unazungumzwa mapema. Vilevile kama ncha zimepishana zaidi ya sentimita 2, vyuma hupunguza uwezekano wa mfupa kukataa kuunga. Lakini kumbuka ngozi ya pale ni nyembamba: chuma kinaweza kukera, kidonda kinaweza kutunga usaha, na wengine hulazimika kupasuliwa tena kukitoa. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni moja: zimepishana sentimita ngapi?

Kuhusu mzee wa Bahi, sina ugomvi na wazee wetu, na mjomba wako hasemi uongo. Ila mtulinga wa mjomba ungeunga hata kwa kanga iliyofungwa shingoni. Mifupa inayojiponya yenyewe ndiyo inayowapa waganga sifa, kisha kwa sifa hiyohiyo watu huwapelekea kiwiko cha mtoto. Hapo ndipo ninapoogopa.

Mama_wa_Watatu
Umenigusa, tabibu. Mtoto wa dada yangu, Mvumi, alianguka kwenye mwembe akiwa na miaka 6, akavunjika juu kidogo ya kiwiko. Tulimpeleka kwa mganga. Akamfunga fito nne na vipande vya kanga, akakaza kweli. Usiku kucha mtoto alilia, tukaambiwa ni mfupa unaingia mahali pake. Asubuhi vidole vilikuwa vimevimba, vya baridi, na ukijaribu kuvinyoosha anapiga yowe. Tulikaa naye hivyo siku mbili.

Sasa ana miaka 11. Vidole vya mkono ule vimejikunja kama vimeshika embe. Akitaka kunawa, mkono mzima hufungua kwanza ule mwingine, kidole kimoja kimoja, ndipo amwagiwe maji. Mfupa uliunga vizuri, mjue. Kilichokufa ni nyama.

Tabibu_Mpunguzi
Pole sana mama. Umeeleza ugonjwa wenyewe hasa, hata vitabu vyetu havielezi kwa uwazi huo. Mshipa mkubwa wa damu hupita mbele ya kiwiko, na misuli ya kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, imefungwa ndani ya utando mgumu usiotanuka. Uvimbe ukiongezeka huku nje kumekazwa, damu haipiti, na ndani ya saa chache misuli huanza kufa. Daktari wa Kijerumani Richard von Volkmann aliueleza ulemavu huu mwaka 1881, na ndiyo maana unaitwa kwa jina lake.

Niseme na hili kwa haki: hata plasta ngumu ya hospitali inaweza kubana vivyo hivyo. Maumivu yakizidi dawa, vidole vikiuma vinaponyooshwa, au ganzi ikianza, rudini usiku huohuo ikatwe. Msingoje kuche.

Fundi_Kizota
Shemeji yako asionekane mjinga, mkuu. Vyuma vimeniokoa mimi. Ila changu kilikuwa kigasha, mifupa yote miwili. Daktari alinishikisha kalamu mbili akanionyesha: mfupa wa upande wa gumba huuzunguka mwenzake kila unapogeuza kiganja. Ukiunga umepinda hata kidogo, mkono haugeuki tena. Hebu fikiria kusonga ugali, kufungua kitasa, kupokea chenji, vyote hivyo ni kugeuza kiganja. Kwa mtu mzima aliyevunjika yote miwili, plasta peke yake mara nyingi haitoshi. Nikafungwa vyuma, na leo napiga lipu kama zamani. Kwa mtulinga wa katikati, na ngozi haina shida, mimi nisingekimbilia kisu.

Mbebaji_Kibaigwa
Bega langu lilichomoka nikipandisha gunia la mahindi kwenye fuso. Wenzangu wakataka kunivuta, mmoja ameshaweka kisigino kwapani. Nilikataa, nikaenda hospitali bila kula kitu, kwa sababu wanaweza kukupa dawa ya usingizi kabla ya kulirudisha. Picha ikaonyesha kipande cha mfupa kimemeguka pia. Wangenivuta palepale sokoni sijui ningekuwa wapi.

Fizio_AreaC
Kaka_Ipagala, swali ambalo hakuna aliyeuliza: mdogo wako alipoanguka, alijikinga kwa kiganja?

Nauliza kwa sababu kishindo hupanda kutoka kiganjani, kifundo, kiwiko, mpaka begani. Maumivu ya mtulinga ni makali kiasi cha kumfanya mtu asahau kwingine. Mwambie ainue gumba la kushoto. Chini yake, upande wa kifundo, patatokea kishimo kati ya kano mbili. Bonyeza taratibu ndani ya kishimo hicho, kisha fanya hivyohivyo upande wa kulia ulinganishe. Akiruka upande wa kushoto tu, mrudisheni.

Mkononi kuna mifupa 27, na minane kati ya hiyo ni midogo ya kifundo. Mmoja unaitwa skafoidi, uko chini ya kishimo hicho. Damu yake huingilia zaidi upande wa vidole na kurudi nyuma, kwa hiyo ukivunjika, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu kikafa. Ubaya wake ni kwamba picha ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe ufa wowote. Kwa tahadhari hufungwa plasta kwanza, kisha picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Vijana wengi huambiwa ni mshtuko tu, wanachuliwa dawa, na baada ya mwaka kifundo hakina nguvu ya kukaza breki.

Na hata akiwa kwenye kombeo, achezeshe vidole, na kiwiko akinyooshe na kukikunja mara kadhaa kwa siku. Kikikaa mkao mmoja kitakakamaa.

Kaka_Ipagala
Nimerudi, na Fizio_AreaC Mungu akubariki. Nilibonyeza kile kishimo jana usiku. Kulia hakusema kitu. Kushoto aliuvuta mkono ghafla mpaka akaumia bega. Kumbe alijikinga kwa kiganja, na hakutaja kwa sababu alidhani kifundo kimeteguka tu.

Leo asubuhi tumerudi. Picha ya kifundo haikuonyesha ufa, lakini daktari alipobonyeza naye akaona vilevile, akamfunga plasta na kusema turudi baada ya wiki mbili ipigwe nyingine. Nikauliza na lile swali la tabibu. Ncha za mtulinga zimepishana chini ya sentimita moja, kwa hiyo ni kombeo, na shemeji amekubali.

Mama nilimsomea habari ya mtoto wa Mvumi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaenda kwa mdogo wangu, akamshika vidole vinavyotokeza kwenye plasta, kimoja kimoja, kuona kama vina joto. Jioni hii alipompelekea uji amefanya hivyo tena.