Mstaafu hana nyumba: apewe mkupuo wote, au apewe pa kuishi mpaka afe?

Mtoa mada:
Wakuu, naomba tujadili bila matusi. Pensheni nyingi zimepangwa kana kwamba kila mstaafu tayari ana paa lake, yani hela ya mwezi ni ya chakula na dawa, kodi ya nyumba haimo. Pensheni inakaa palepale miaka na miaka, mwenye nyumba anapandisha akijisikia, mtu ana miaka 72 anaambiwa mwisho wa mwezi atoke, benki haimkopeshi kwa sababu ya umri, na kwingine wakiona tu mkongojo chumba "kimeshachukuliwa". Pendekezo langu: asiye na nyumba siku anastaafu, sehemu ya mkupuo wake, yani ile hela anayolipwa kwa mara moja akistaafu, igeuzwe iwe haki ya kuishi kwenye nyumba ya mfuko wa pensheni mpaka afe, na isirithiwe. Mnasemaje?

Mdau 1:
Napinga. Hela ni yake, amekatwa ujana wake wote, we nani umpangie? Mwingine anataka akalime, mwingine aishi kwa mwanae. Na hizo nyumba nani atazitunza, lifti ikifa mzee wa ghorofa ya tano ndo basi tena, hashuki.

Mdau 2:
"Aishi kwa mwanae", hapo ndo penyewe. Mama yangu mdogo alimsainia mtoto hati ya nyumba akiwa bado ana nguvu zake, kwa mapenzi tu, mtoto akaja kuachana na mkewe nyumba ikauzwa wagawane, na mama wa watu akabaki mikono mitupu. Sa hivi ni miezi mitatu kwa huyu mitatu kwa yule, begi moja na mfuko wa dawa, na akifika tu anaanza kuosha vyombo ambavyo hajavichafua ili asionekane mzigo. Ukimuuliza atakwambia niko kwa wanangu. Hakuna atakayemhesabu kuwa hana makazi maana halali barazani. Mi naona wazee wa hivi ni wengi kuliko tunaowaona nje.

Mdau 3:
Mtoa mada umechelewa. Singapore tangu 1968 mfanyakazi anaruhusiwa kutumia akiba yake ya uzeeni kununua nyumba ya shirika la serikali, umiliki wa miaka 99. Uzee ulipofika wengi wakawa na nyumba ila mfukoni hamna kitu, ikabidi uje mpango kwamba ukifika 65 unaweza kuliuzia shirika miaka ya mwisho ya umiliki wako, unabaki humohumo na unalipwa kila mwezi. Kwa hiyo hata wao hawakupatia mara moja, lakini nyumba walianza kuiwaza mtu akiwa kijana, sio siku anaagwa kazini.

Mdau 4:
Mnaongea mkupuo mkupuo, kibarua na dada wa kazi za ndani mkupuo wautoe wapi? Wanawake ndo inawakuta zaidi, miaka ya kulea hajakatwa chochote, nyumba ina jina la mume, mume akifa ndugu wanakuja na kufuli. Finland tangu 2008 asiye na makazi anapewa kwanza nyumba na mkataba wake wa upangaji, matatizo mengine yanafuata baadae, na wasio na makazi walipungua kweli kwa miaka mingi. Hilo halikutoka kwenye mfuko wa pensheni, serikali na manispaa zilijifunga mkanda.

Mtoa mada:
La lifti nakubali, nyumba ziwe za chini. La Mdau 4 limenikaba, huyo serikali imbebe moja kwa moja, mfuko hauna habari nae. Ila kwenye mkupuo sirudi nyuma kirahisi, basi iwe hiari, mtu aulizwe akiwa na miaka 50 hivi, sio 60 wakati jamaa wa biashara za haraka haraka wameshamzunguka.

Mdau 1:
Ikiwa hiari nakuelewa. Ila umeandika "mpaka afe". Afe nani? Mzee akitangulia bibi anabaki au anafungiwa mlango siku ya arobaini?